Kabla Hujabonyeza Kitufe: Mwongozo wa Mambo Unayoruhusiwa Kuyarusha kwa Redio ya Ridhaa Ukiwa Marekani

Mtu anaweza kufaulu mtihani wa redio ya ridhaa, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "amateur radio" au "ham radio", akapewa alama yake ya wito, yaani herufi na tarakimu za kumtambulisha hewani, akanunua redio na kusimamisha antena, kisha akashika kipaza sauti na kukwama, kwa kuwa hana hakika kama anaruhusiwa kuongea Kiswahili, kama anaweza kumsalimia mama yake aliyeko Mombasa, au kama kutaja biashara yake ndogo kutamponza. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, mwenye leseni ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, yaani FCC, au anayejiandaa kuipata. Kanuni zinazomhusu zimo katika Sehemu ya 97 ya kanuni za tume hiyo, na kifungu cha kukisoma mara mbili au tatu ni 97.113, kinachoorodhesha yaliyokatazwa.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vyema kujua makatazo hayo yametoka wapi. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, zinaieleza huduma hii kuwa ni ya watu walioidhinishwa ambao wanaipenda fani ya redio kwa lengo lao binafsi, pasipo maslahi ya fedha, nao huitumia kujifunza, kuwasiliana wao kwa wao na kufanya uchunguzi wa kiufundi. Ukiishika barabara maana hiyo, utaweza kuyabashiri makatazo mengi hata kabla hujayasoma: fedha haina nafasi hapa, siri haina nafasi, na asiyetaka kujulikana hana nafasi.

Hatua ya 1: Jua leseni yako inakufikisha wapi

Leseni ya FCC haidai uraia. Mkimbizi, mwanafunzi au mfanyakazi wa muda anaweza kuipata alimradi ana anwani ya posta nchini Marekani, na anayezuiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Leseni hudumu kwa miaka 10, na madaraja yanayotolewa siku hizi ni Technician, General na Amateur Extra. Daraja ndilo linaloamua urushe wapi, na ujumbe ulio halali kabisa huwa kosa ukirushwa mahali ambapo daraja lako halifiki.

Mwenye leseni ya Technician anaruhusiwa kuongea katika bendi zote za ridhaa zilizo juu ya megahezi 50, lakini chini ya hapo nafasi yake ya kuongea kwa sauti ni kati ya megahezi 28.300 na 28.500 tu, kwa nguvu isiyozidi wati 200. Kwa hiyo anayetamani kuzungumza na Afrika Mashariki mara kwa mara ni afadhali apande hadi General, ambako atapata megahezi 14.225 hadi 14.350, bendi ambayo huvuka bahari vizuri mchana na jioni.

Bendi ya mita 40 inahitaji uangalifu wa pekee. Marekani inaruhusu bendi hiyo hadi megahezi 7.300, ilhali katika Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Afrika imo, bendi ya ridhaa huishia 7.200. Mwenye General wa Marekani haruhusiwi kuongea kwa sauti chini ya 7.175, hivyo yeye na mwenzake wa Dar es Salaam wamebakiwa na kilohezi 25 tu za kukutania. Tena, kwa kuwa kwa desturi ya bendi hii sauti hukaa upande wa chini wa masafa yanayoonekana kwenye kioo cha redio na kuchukua takriban kilohezi 3, usiteremke chini ya 7.178, la sivyo sehemu ya sauti yako itavuka mpaka ingawa kioo kinakuonyesha kwamba uko ndani.

Ukishachagua masafa, sikiliza kwanza, kisha uliza kwa Kiingereza kama yanatumika, na usikilize tena. Hakuna aliyemilikishwa masafa yoyote, lakini kumvuruga mwenzako kwa makusudi kumekatazwa waziwazi. Nguvu ya juu kabisa inayoruhusiwa ni wati 1,500, nayo sheria inakutaka utumie nguvu ndogo kabisa inayotosha kufikisha mazungumzo yako.

Hatua ya 2: Jitambulishe kwa Kiingereza, kisha ongea Kiswahili chako

Kiswahili kinaruhusiwa. Nalisema hili mapema na kwa msisitizo kwa sababu nimekutana na watu waliokaa kimya miezi kadhaa wakidhani kwamba mazungumzo yote lazima yawe kwa Kiingereza. Sharti la lugha liko kwenye alama ya wito peke yake: kifungu 97.119 kinamtaka anayejitambulisha kwa sauti aitaje alama yake kwa Kiingereza, angalau kila baada ya dakika 10 za mazungumzo na tena mwishoni mwake. Kwa hiyo mnaweza kusimuliana habari za masika, mavuno na watoto kwa Kiswahili safi, lakini dakika ya 10 ikifika kila mmoja ataje herufi na tarakimu zake kwa Kiingereza. Ukisema "saba" mahali pa "seven", hujajitambulisha kisheria.

Weka saa yenye kengele mezani. Mazungumzo ya Kiswahili hayakatiki upesi, salamu peke yake huweza kumaliza dakika 5, na kosa la kupitisha muda ndilo rahisi kuliko yote kutendeka bila nia mbaya. Kuzitaja herufi kwa alfabeti ya fonetiki, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, kunahimizwa, nako humsaidia sana msikilizaji ambaye masikio yake hayajazoea lafudhi yetu.

Hatua ya 3: Jiulize ni nani anayefaidika kwa fedha

Hapa ndipo wengi huteleza. Kanuni inakataza kurusha mawasiliano kwa malipo, na inakataza pia mawasiliano ambayo mwenye kituo au mwendeshaji wake ana maslahi ya fedha ndani yake, yakiwemo yale anayoyafanya kwa niaba ya mwajiri. Zingatia kwamba kipimo si kama fedha zimetajwa. Unaweza kulalamikia bei ya mafuta ya gari, ukasema mshahara hautoshi, ukaeleza kazi unayofanya. Unachoulizwa ni kama mawasiliano yenyewe yanakuletea wewe au mwajiri wako kipato.

Mchukue dereva wa lori. Wazungumzaji wetu kadhaa huendesha malori yanayovuka majimbo, na redio ya ridhaa ndani ya lori ni rafiki mwema usiku. Dereva anaruhusiwa kumwambia mwenzake kwamba theluji imeanza mlimani, kwamba amechoka, kwamba mwanawe amefaulu mtihani. Haruhusiwi kutumia redio hiyohiyo kumuuliza mpangaji wa mizigo wa kampuni yake achukue shehena wapi na kwa bei gani, hata kama mpangaji huyo naye ana leseni ya ridhaa. Kwa kazi hiyo zipo redio za CB, ambazo hazihitaji leseni na zina chaneli 40, na zipo huduma za redio zilizotengwa kwa ajili ya biashara.

Vivyo hivyo mama anayepika sambusa za kuuza hawezi kuchukua oda hewani, wala mtu anayesafirisha magari kwenda bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hawezi kutumia mazungumzo ya ridhaa kutafuta wateja. Lakini kumwambia mumeo mwenye leseni apitie dukani anunue maziwa ni halali, kwa sababu hakuna kati yenu apataye faida kwa ujumbe huo. Anayeuza maziwa anapata, ni kweli, ila yeye siye mwenye kituo.

Kuna ruhusa chache za kukumbuka. Unaweza kuwajulisha wenzako kwamba unauza au unabadilishana kifaa cha kawaida cha kituo cha ridhaa, kwa mfano redio yako ya zamani, mradi usilifanye jambo hilo kuwa mazoea. Mwalimu anayeitumia redio ya ridhaa darasani hakatazwi kupokea mshahara wake wa ualimu. Mfanyakazi, wa hospitali kwa mfano, anaweza kushiriki kwa niaba ya mwajiri wake katika mazoezi ya kujiandaa kwa dharura. Mazoezi yasipodhaminiwa na serikali, yasizidi saa 1 kwa wiki, ila mara mbili kwa mwaka yanaruhusiwa kufika saa 72.

Hata pasipo fedha, lipo katazo jingine lililo karibu na hilo: usiifanye redio ya ridhaa kuwa njia ya kila siku ya mawasiliano ambayo yangeweza kupitishwa ipasavyo kwenye huduma nyingine za redio. Walinzi wa sherehe kubwa ya harusi watakaohitaji redio kila Jumamosi watafutiwe njia nyingine.

Hatua ya 4: Sema lililo wazi

Ujumbe uliofumbwa ili maana yake isijulikane umekatazwa, na kwa mawasiliano baina ya nchi katazo hilo limo pia katika Ibara ya 25 ya Kanuni za Redio za ITU. Neno la kulizingatia ni nia. Kiswahili si fumbo, kwa sababu ni lugha iliyo wazi kwa yeyote anayeijua au anayetaka kujifunza, na vivyo hivyo Sheng. Vifupisho vya kimataifa kama QTH kwa maana ya mahali ulipo, au 73 kwa maana ya salamu njema, si mafumbo, kwani maana zake zimechapishwa na kila mwendeshaji anazijua. Lakini wawili wakikubaliana kuongea kinyume, wakigeuza silabi na kusema "mbanyu" kwa "nyumba" ili wasikilizaji wasifuate, wamevuka mpaka, ingawa walipokuwa watoto ilikuwa michezo tu.

Kwa mawasiliano ya kidijitali kanuni ni ileile. Mifumo ambayo namna yake ya kusimba ujumbe imechapishwa hadharani, kama FT8, inaruhusiwa. Baadhi ya redio za mkononi za kidijitali, hata hivyo, zina kitufe cha kuficha mazungumzo kwa ufunguo wa siri. Kitufe hicho kizimwe kwenye mpangilio wa redio kabla hujaanza kuitumia, ili usije ukakibonyeza kwa bahati mbaya. Ruhusa ya kutumia ishara za siri imetolewa kwa amri za kuongoza setilaiti za ridhaa, kwa sababu zilizo wazi za usalama.

Muziki kwa sauti umekatazwa, isipokuwa kwa jambo mahususi lililotajwa kwingine katika kanuni. Katazo hili halichagui kati ya wimbo mzima na kipande, wala kati ya santuri na mdomo wako mwenyewe, hivyo hata kumwimbia mwenzako wimbo wa siku ya kuzaliwa ni kosa. Nyumbani kwangu taarab husikika karibu muda wote, kwa hiyo nimejizoesha kufunga mlango wa chumba cha redio na kuomba sauti ipunguzwe kabla sijabonyeza kitufe. Ukisikia muziki kwa nyuma wakati unaongea, achia kitufe, uzime, kisha uendelee.

Matusi na maneno machafu, mawasiliano ya kusaidia uhalifu, taarifa za uongo na kujitambulisha kwa alama isiyo yako yote yamekatazwa, na sidhani kama yanahitaji maelezo. Nitaongeza tu kwamba kutukana kwa Kiswahili kwa kudhani kuwa hakuna anayeelewa ni kujidanganya: mawimbi ya masafa mafupi hufika Zanzibar, Muscat na Lubumbashi kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 5: Zungumza na watu, usitangaze

Utangazaji, kwa mujibu wa kanuni, ni kurusha kitu kinachokusudiwa kupokewa na umma kwa jumla, na kituo cha ridhaa hakiruhusiwi kuufanya. Kwa sababu hiyo jumuiya haiwezi kurusha mahubiri ya Jumapili au hotuba ya Ijumaa kwa waumini walioko majumbani, hata kama hakuna senti inayotozwa. Huwezi kudaka mechi kutoka stesheni ya Nairobi na kuirusha upya, wala taarifa ya habari ya stesheni yoyote. Huwezi pia kutumia kituo chako kumkusanyia mwandishi wa redio au televisheni habari, isipokuwa pale habari hizo zinapohusu moja kwa moja usalama wa maisha au uokoaji wa mali, na hakuna njia nyingine iliyo karibu.

Baraza la hewani ni kitu kingine, nami natamani tungekuwa nayo mengi zaidi. Waendeshaji kumi wenye leseni wakikutana kila Jumamosi kwenye masafa yaleyale, mmoja akiongoza zamu na wengine wakijibu, hayo ni mazungumzo baina ya vituo, nayo ni halali kabisa. Tofauti yake na utangazaji ni kwamba kila aliyelengwa ana leseni na anaweza kujibu.

Kurusha kwa upande mmoja bila kusubiri jibu kunaruhusiwa kwa mambo machache: kuita ili upate wa kuzungumza naye, kujaribu mtambo kwa muda mfupi, kufundisha Morse, yaani msimbo wa nukta na vistari, mawasiliano ya dharura, na taarifa zinazowahusu waendeshaji wa ridhaa wenyewe. Kituo W1AW cha ARRL, chama cha kitaifa cha waendeshaji wa ridhaa wa Marekani, kilichoko Newington, Connecticut, hurusha masomo ya Morse na taarifa za aina hiyo, nacho ni mfano mzuri wa kusikiliza. Utabiri wa hali ya hewa uliokusudiwa kwa umma kutoka vituo vya serikali ya Marekani unaweza kurushwa upya, mradi isiwe kawaida yako.

Hatua ya 6: Mgeni anaposhika kipaza sauti

Mtu asiye na leseni anaweza kuongea kupitia kituo chako, iwapo wewe mwenyewe upo, unasikiliza na unasimamia muda wote. Watoto, majirani na wageni wa sikukuu wote wanaweza kusalimia, mradi kituo cha upande wa pili kiko Marekani. Usimkabidhi mtu kipaza sauti ukaenda kupika chai, na usimruhusu aliyewahi kunyang'anywa leseni yake.

Mambo hubadilika mawasiliano yanapovuka mpaka. Msingi wa kimataifa ni kwamba ujumbe kwa niaba ya mtu wa tatu, yaani asiye mwendeshaji wa kituo chochote kati ya viwili vinavyozungumza, baina ya nchi mbalimbali unaruhusiwa wakati wa dharura na maafa, ila serikali zinaweza kukubaliana vinginevyo. Marekani ina makubaliano hayo na nchi kadhaa, lakini Kenya na Tanzania hazimo katika orodha. Kwa hiyo ikiwa rafiki yako mwenye leseni mjini Mombasa amemwalika mama yako nyumbani kwake ili akusalimie kwa redio, jambo hilo, pamoja na wema wake wote, halikubaliki. Najua linauma. Dawa yake ni mama mwenyewe kusomea leseni, nami nasema hivyo kwa dhati, kwa kuwa umri hauzuii kujifunza redio. Akishakuwa na leseni si mtu wa tatu tena, na mtaongea mpaka mchoke. Kwa nchi zenye makubaliano, kumbuka kwamba mwishoni unatakiwa kutaja alama yako na ile ya kituo mlichobadilishana nacho ujumbe.

Mazungumzo na nchi za nje yanatakiwa yabaki katika shughuli za redio ya ridhaa na maneno ya kawaida ya mtu na mtu: hali ya hewa, afya, familia, antena, ubora wa mawimbi. Ushauri wangu ni kuziacha siasa kando hata pale ambapo sheria ya Marekani isingekugusa, kwa sababu mwenzako yuko chini ya sheria za nchi yake, na leseni itakayokuwa hatarini ni yake.

Hatua ya 7: Maisha yakiwa hatarini

Kifungu 97.403 kinasema kwamba hakuna kanuni katika sehemu hiyo inayomzuia mwendeshaji kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo kwa mawasiliano ya lazima yanayohusu usalama wa maisha ya watu au uokoaji wa mali kwa wakati huo huo, pale njia za kawaida zinapokosekana. Masharti yote yaliyomo hapo ni ya kutimizwa: hatari iwe ya wakati huo, mawasiliano yawe ya lazima, na njia za kawaida ziwe hazipo.

Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipoharibu mawasiliano ya Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba chama cha ARRL waendeshaji wa kujitolea wafikao 50, na moja ya kazi zao ilikuwa kupeleka habari za waliosalimika. Tofauti na hayo, wakati wa moto wa msituni katika jimbo la Idaho mwaka 2021, mwendeshaji mmoja mwenye leseni aliingilia masafa ya serikali yaliyokuwa yakitumiwa na wazima moto, na mwaka uliofuata FCC ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Wazima moto walikuwa na mawasiliano yao tayari. Hawakuhitaji sauti ya ziada. Ukiona hatari na simu yako inafanya kazi, piga 911.

Hatua ya 8: Unapofunga safari ya nyumbani

Leseni ya FCC haikupi haki ya kurusha ukiwa ndani ya nchi nyingine kwa sababu tu redio ni yako. Kwa Kenya idhini hutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, na kwa Tanzania hutoka TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya huko. Andika barua mapema, miezi kadhaa kabla ya safari, ukiambatisha nakala ya leseni yako, na uulize katika barua hiyohiyo masharti ya kuingiza redio nchini, ili usije ukazuiwa na forodha uwanja wa ndege. Alama za Tanzania huanza na 5H au 5I, za Kenya 5Y au 5Z, na za Uganda 5X. Mpaka utakapoelezwa kwa maandishi utumie alama gani, masafa yapi na nguvu kiasi gani, acha redio ibaki kwenye begi.